Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: wanawake na uongozi wa umma, Moshi na Arusha

Maswali haya tumeyaokota kwenye vikao vya vikoba (vikundi vya kuweka na kukopa), kwenye mabenchi ya ofisi za kata na kwenye makundi ya WhatsApp ya Moshi na Arusha. Mengine yaliulizwa kwa utani, mengine kwa hasira. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali hayalingani uzito.

Rais ni mwanamke. Bado mnadai nini?

Ni kweli, Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 Machi 2021 na akawa mwanamke wa kwanza kushika urais nchini. Kiti cha spika nacho kimeshakaliwa na Anne Makinda kuanzia 2010 hadi 2015, kisha Tulia Ackson kuanzia 2022 hadi 2025. Hayo ni ya Dodoma. Sasa shuka uje kijijini. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, wanawake walikuwa asilimia 2.1 tu ya wenyeviti wa vijiji nchi nzima. Kwenye vitongoji walikaribia asilimia 7, na mijini, kwenye mitaa, asilimia 12.6. Maana yake, anayekaa mezani kujadili nani agawiwe ardhi ya kijiji, barabara ipi ichongwe kabla ya masika na kila kaya ichangie kiasi gani kwenye darasa jipya ni mwanaume karibu kila mahali.

Rais mmoja hawezi kuhudhuria kikao cha kijiji chako Uru.

Kwa nini mnasisitiza kijiji na mtaa, wakati kila mtu anazungumzia ubunge?

Kwa sababu huko ndiko maamuzi yanakokukuta ukiwa na ndoo mkononi. Bunge linapitisha bajeti ya maji, lakini bomba lipite kwa nani na kituo cha kuchotea kikae wapi ni maneno ya kijijini. Kisheria, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, wanaume na wanawake. Huo ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano huo kuridhia kwanza.

Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na wanawake wasipungue robo. Baraza la ardhi la kijiji lina watu saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Nafasi hizi zipo tayari kwenye sheria, hakuna anayetakiwa kuandamana kuzidai. Tatizo ni kwamba mara nyingi zinajazwa kwa simu: mwenyekiti anakumbuka dakika ya mwisho kwamba wanawake hawajatimia, anaandika jina la shemeji yake, na shemeji mwenyewe anapata habari baada ya wiki mbili.

Mkutano mkuu wa kijiji unakwendaje hasa? Mimi huwa nakaa nyuma tu.

Swali hili tunalipenda kuliko yote. Tangazo limebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na limesomwa kanisani Jumapili: mkutano saa nne asubuhi. Saa tano na nusu ndiyo watu wanatimia. Wazee na vijana wa kiume wanachukua mabenchi ya mbele, akina mama wanatandika kanga kwenye nyasi huko nyuma, karibu na njia, ili mtoto akilia mtu aweze kutoka. Mtendaji wa kijiji anasoma ajenda: kufungua mkutano, kusoma muhtasari wa mkutano uliopita, yatokanayo, taarifa ya mapato na matumizi, mengineyo, kufunga.

Angalia akina mama wanakosubiri. Wanasubiri "mengineyo". Wanaona ndipo mahali pa mtu asiye na cheo. Lakini ikifika mengineyo jua liko utosini, nusu ya watu wameshaondoka, mwenyekiti anatazama saa, na jibu ni "hilo tumelichukua, tutalifanyia kazi". Mambo yenyewe yameshaamuliwa kwenye yatokanayo na kwenye mapato na matumizi. Kwa hiyo nyanyua mkono kwenye yatokanayo. "Mheshimiwa mwenyekiti, muhtasari uliosomwa unasema tanki lingekarabatiwa. Limekarabatiwa? Kwa shilingi ngapi?" Kisha omba hoja yako iandikwe kwenye muhtasari pamoja na jina lako. Mtendaji ataandika, maana umesema mbele ya watu.

Jambo la pili. Wanaume wengi huingia mkutanoni wakiwa wameshazungumza jioni iliyotangulia, kwenye kilabu cha mbege au kijiweni. Si njama, ndivyo watu wanavyoishi. Akina mama nao wana mahali pao pa kukutana kila wiki, nako ni kwenye kikoba. Dakika kumi kabla ya kuhesabu hisa zinatosha kukubaliana hoja moja tu: nani ataitoa, nani ataiunga mkono, na nani atauliza utekelezaji utaanza tarehe ngapi. Sauti tatu kutoka nyuma zinamfanya mwenyekiti ageuze kiti.

Viti maalum vinasaidia, au ni kutupoza tu?

Vinasaidia, na vina mipaka yake. Vilianza kwa wanawake 15 bungeni mwaka 1985. Marekebisho ya Katiba ya 2000 yaliweka kiwango cha angalau asilimia 20, na ya 2005 yakakifikisha asilimia 30. Katika mabunge ya 2015 na 2020 wabunge wa viti maalum walikuwa 113. Viti hivi havipigiwi kura na mwananchi. Vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge ndivyo vinavyogawana kwa uwiano wa kura zao, na kila chama kinaleta orodha yake. Kwenye halmashauri za wilaya, miji na majiji kuna utaratibu wa aina hiyo: madiwani wa viti maalum ni theluthi moja ya madiwani wa kata.

Bila viti hivi Bunge lingekuwa na wanawake wachache mno, kwani mwaka 2020 wanawake walioshinda majimboni hawakufika hata mmoja katika kila washindi kumi. Kwa hiyo anayesema vifutwe kesho atuambie kwanza anaweka nini mahali pake.

Sasa mipaka. Mbunge wa viti maalum hawezi kuteuliwa kuwa Waziri Mkuu, kwa kuwa Katiba inataka mbunge wa kuchaguliwa jimboni. Hana mfuko wa jimbo, kwa hiyo akija kuona shule imeezuliwa na upepo anaweza kuahidi mabati kutoka mfukoni mwake au akatoa pole. Wapiga kura wake halisi ni wajumbe wa chama, hasa wa jumuiya ya wanawake, na huko ndiko macho yake yanakoelekea. Rai yetu: mwanamke aliyekaa viti maalum vipindi viwili amepata uzoefu wa kutosha, akachukue fomu ya jimbo au kata na kiti amwachie mwingine. Kuna watakaokasirika wakisoma hapa, na tunajua ni akina nani.

Huku kwetu kaskazini kuna mwanamke aliyewahi kushinda mapema, au ni mambo ya juzi?

Ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Lucy Lameck alizaliwa Moshi mwaka 1934, akasomea uuguzi, akafanya kazi na chama cha ushirika cha KNCU, akaingia TANU, akaenda kusoma Chuo cha Ruskin kule Oxford, na mwaka 1962 akawa waziri mdogo, mwanamke wa kwanza kufika hapo nchini. Sophia Mustafa, mama wa Kihindi aliyeishi Arusha, aliingia Baraza la Kutunga Sheria katika uchaguzi wa 1958 kwa kuungwa mkono na TANU. Ule ndio uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Karibu zaidi na sisi ni Anna Mghwira. Aligombea urais kwa tiketi ya ACT-Wazalendo mwaka 2015, akateuliwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro mwaka 2017, akaondoka ofisini 2021 na kufariki mwaka huohuo. Binti wa sekondari wa Moshi anayemjua Lucy Lameck ni nadra kumpata, na lawama hiyo ni yetu sisi watu wazima.

Natakiwa niwe na elimu gani?

Ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, uwe raia, uwe na umri wa miaka 21 au zaidi. Hakuna digrii popote. Anayekuambia udiwani unataka cheti cha chuo anakutisha.

Lazima niwe na chama?

Ili kugombea, ndiyo. Katiba na sheria za uchaguzi zinataka mgombea adhaminiwe na chama, kuanzia chini kabisa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hiyohiyo yenye makao yake hapa Arusha, iliamua tarehe 14 Juni 2013 katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kukiuka haki. Mpaka sasa mlango haujafunguliwa. Lakini kuzungumza kwenye mkutano wa kijiji, kuingia kamati ya shule au baraza la ardhi hakuhitaji kadi ya chama chochote.

Siasa ni pesa. Mimi nauza ndizi Mbuyuni, nitatoa wapi?

Dhamana inayodaiwa kisheria ni ndogo: ubunge shilingi 50,000, udiwani shilingi 5,000. Fomu za ndani ya chama ndizo ghali, na kila chama kina bei yake. Baada ya hapo kuna bodaboda, vocha, picha za kubandika, chai ya mawakala siku ya kura, na yule kijana wa spika anayetaka alipwe kabla hajawasha mashine.

Kinachowamaliza wengi ni kingine: mazoea ya kuombwa. "Mama, tuachie ya soda." Zamani sheria iliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu ikaitengua mwaka 2006, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Ukigawa kitu unajiingiza matatani, na mwenye pesa kukuzidi atagawa zaidi yako hata hivyo. Wauza soko wana mtaji ambao mfanyabiashara wa Dar hana: kila asubuhi wanaonana na watu mia mbili kwa majina yao. Tumia huo.

Angalizo moja. Mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake, usiuguse kwa kampeni. Ni wa kikundi, unarudishwa, na wenzako ndio watakaokuwa wa kwanza kukunyima kura.

Ni kweli kwamba wajumbe si watu?

Msemo huo ulienea nchi nzima baada ya kura za maoni za 2020, zile ambazo wajumbe wa chama humpigia anayetaka kugombea, na waliousema walikuwa na sababu. Mjumbe anakula kwako saa moja, anakula kwa mwenzako saa tatu, na kura anampa wa tatu. Dawa pekee tuliyoiona ikifanya kazi ni kuwa na wajumbe wako mwenyewe. Uchaguzi wa ndani wa mashina na matawi hufanyika mapema, watu hawaujali, na wanawake wengi huuacha upite. Ukisubiri mwaka wa uchaguzi ndipo uanze kuwatafuta wajumbe, umechelewa. Uwe wewe mjumbe, na dada yako, na mwenzako wa kwaya.

Kuna kiongozi ananiambia jina langu litapita nikienda kumwona hotelini.

Hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Usiende. Usifute ujumbe wala rekodi ya simu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo, ili kuwe na shahidi wa wakati. TAKUKURU wanapigiwa bure kwa namba 113, na wana ofisi Arusha na Moshi. Kwa msaada wa kisheria Moshi kuna shirika la KWIECO, wanaoshughulika na haki za wanawake kwa miaka mingi.

Mume wangu hataki. Nifanyeje?

Kisheria huhitaji ruhusa yake. Tungeishia hapo tungekuwa tunakudanganya, kwa sababu kampeni inaanzia nyumbani na watu watamuuliza yeye kwanza: "Baba Neema, umekubali?"

Sikiliza hasa anachokataa. Wengine wanaogopa maneno ya watu, kwamba mke akirudi saa tatu usiku kijiji kitasema. Wengine wanaogopa gharama. Wengine, tuseme ukweli, hawataki mke awe na jina kubwa kuliko lao. Haya ni mambo matatu na hayajibiwi kwa namna moja. Wa kwanza anatulizwa kwa ratiba: mikutano ya mchana, kurudi na wenzako, yeye mwenyewe kuja mara mbili tatu akae mbele. Wa pili mwonyeshe hesabu kwenye daftari. Wa tatu ni mgumu. Wapo waliosaidiwa na mshenga, mchungaji, shehe au mzee wa ukoo, mtu ambaye mume anamwamkia shikamoo. Na wapo waliogombea hivyohivyo, wakashinda, na mume ndiye leo anayejitambulisha kuwa "mume wa diwani".

Ikiwa kukataa kwake kunakuja na kipigo, hiyo si mada ya siasa tena. Dawati la jinsia lipo kituo cha polisi.

Kwetu mama ndiye anayechuma kahawa, lakini kwenye mkutano wa AMCOS anaenda baba. Ni sawa?

Si sawa, na ni swali la kisiasa kuliko linavyoonekana. AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, kinamtambua mwanachama aliyeandikishwa, na mara nyingi aliyeandikishwa ni mwenye kihamba (shamba la familia) kwa jina. Mama anapalilia, anachuma, anakoboa kwa mashine ya mkono usiku, anaanika na kugeuza, lakini bei na makato vinajadiliwa bila yeye. Kwenye mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, hali ni ileile: maji yanatumiwa zaidi na mwanamke, zamu zinapangwa na wanaume.

Njia ya kwanza ni uanachama wake mwenyewe. Muulize katibu wa chama masharti, hisa ni kiasi gani, na kama jina la mke linaweza kuingia kwa sehemu ya shamba anayoihudumia. Familia kadhaa zimegawa miche kwa maandishi bila ugomvi wowote. Mkoa ulioanzisha KNCU mwaka 1933 hauwezi kusema haujui ushirika.

Mimi ni Mmaasai wa Longido. Kwetu wanaamua malaigwanani, viongozi wa mila. Haya yananihusu?

Yanakuhusu, na wenzako wameshafika mbali. Loliondo kuna Baraza la Wanawake wa Kifugaji, na Arusha kuna MWEDO, shirika la wanawake wa Kimaasai. Wote wamefanya kazi ya kusomesha mabinti na kuwajengea akina mama uwezo wa kusimama mbele ya mkutano. Mwaka 2013, serikali ilipotangaza kuchukua kilomita za mraba 1,500 za ardhi ya vijiji vya Loliondo, wanawake walikuwa mstari wa mbele kupinga, na mpango ule ulisitishwa mwaka huohuo. Laigwanani anaheshimiwa, na hakuna anayekutaka umvunjie heshima. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Mzee akilijua hilo mapema, kwa upole, kabla ya mkutano, huwa anapata njia ya kulisema yeye mwenyewe.

Nikitangaza nia natukanwa Facebook na kwenye makundi.

Piga picha ya skrini yenye jina na tarehe, kisha mzuie. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa unyanyasaji wa aina hiyo, na Sheria ya Uchaguzi ya 2024 imeutaja ukatili wa kijinsia kuwa kosa la uchaguzi. Usijibu matusi usiku. Asubuhi jibu lako litakuwa fupi.

Naogopa kuenguliwa kwa sababu ya fomu.

Una haki ya kuogopa. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa mpaka CHADEMA na wengine wakajitoa. Jaza kwa herufi zilezile za jina lako kama ulivyojiandikisha. Mtu mwingine aisome kabla hujairudisha. Irudishe siku ya kwanza, usingoje ya mwisho, na usiondoke bila nakala iliyogongwa muhuri. Ukienguliwa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa kuna kamati ya rufani, na muda wake ni mfupi sana, kwa hiyo barua iandikwe siku hiyohiyo.

Baada ya Oktoba 2025, si bora tukae pembeni?

Yaliyotokea siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, na siku zilizofuata yaligharimu maisha ya watu, na Arusha haikuwa mbali nayo. Hatumlaumu mama anayesema hapana. Kila mtu anajua mzigo anaoweza kuubeba na watoto alionao nyumbani. Ila kuuliza mapato na matumizi ya kijiji si maandamano, na kamati ya shule si uwanja wa vita. Ukikaa pembeni ya siasa kubwa, usiondoke pia kwenye hizo ndogo.

Wanaume tunaruhusiwa kusoma ukurasa huu?

Karibuni. Mkimaliza, mnaweza kuanza kwa kuachia benchi moja la mbele.

Uchaguzi wa vijiji na mitaa ulifanyika 27 Novemba 2024. Mpaka 2029 nifanye nini?

Chaguzi ndogo hutokea mtu akifariki au akijiuzulu, na kamati za shule na za maji hubadilishwa bila kungoja 2029. Lakini anza na hili wiki hii. Nenda ofisi ya kijiji uulize mkutano mkuu uliopita ulifanyika tarehe ngapi na ujao ni lini. Unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kama imepita zaidi ya hapo, andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa halmashauri, mkiomba mkutano uitishwe na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Wasaini watu wengi, wanaume wakiwemo. Pelekeni wawili, si mmoja, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hamjatoka mlangoni.